Mtoto Asiyeitika Anapoitwa: Tusiwaambie Wazazi Wasubiri



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara na upungufu wa damu, maradhi ambayo sisi watu wa Kyela na mwambao wa Ziwa Nyasa tunayajua vizuri. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya hali moja ya watoto ambayo haina homa, haina kidonda, wala haionekani kwa darubini ya maabara. Hali hiyo inaitwa usonji. Ninaiandika kwa sababu nina deni kwa mama mmoja.

Mwaka 2006 mama huyo alikuja kliniki ya watoto na mwanae wa kiume wa miaka miwili na nusu. Kadi ya mtoto ilikuwa nzuri: uzito ulikuwa unapanda, na chanjo zote alikwisha kupata. Mama akaniambia, "Nesi, mwanangu haitiki nikimwita. Haniangalii usoni. Zamani alikuwa anasema 'mama', sasa amenyamaza." Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo, akina mama wamejaa kwenye mabenchi mpaka nje chini ya mwembe. Nikamtazama mtoto, nikaona amenona na ngozi yake inang'aa. Nikamjibu, "Mama, watoto wa kiume huchelewa kusema. Subiri." Akasema, "Ndaga," akamchukua mwanae akaondoka.

Niliwaona tena mtoto akiwa na miaka sita. Yaliyotokea katikati ya siku hizo mbili ndiyo yaliyonifanya niandike leo. Nimebadilisha mambo madogo madogo katika habari nitakazosimulia ili wahusika wasitambulikane. Lakini kwanza tuelewane juu ya hali yenyewe.

USONJI NI NINI?

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, ambayo kwa kawaida huanza kabla mtoto hajazaliwa na huonekana katika miaka mitatu ya kwanza. Si ugonjwa wa kuambukiza. Si wazimu. Si mtindio wa ubongo, ule unaokakamaza viungo. Wala si sawa na ulemavu wa akili, ingawa wako watoto wenye vyote viwili.

Usonji hugusa mambo makubwa mawili. La kwanza ni kuwasiliana na kuhusiana na watu. Mtoto haangalii macho ya mama yake, haitiki anapoitwa, haonyeshi kitu kwa kidole, hachezi na wenzake. Wengine hawasemi kabisa, wengine hurudia maneno yako kama kasuku, na wengine husema sana lakini juu ya jambo moja tu wanalolipenda.

La pili ni kurudia rudia mambo, na kusikia vitu kwa namna tofauti na sisi. Mtoto hupanga punje za kokoa mstari mmoja kwenye mkeka tangu asubuhi hadi mchana, na ukizivuruga hulia kama amefiwa. Huzungusha mfuniko wa sufuria bila kuchoka. Hupigapiga mikono kama ndege, au hutembea kwa ncha za vidole. Mwingine hula wali mtupu tu, na ukimwekea ndizi au usipa pembeni anasukuma sahani yote. Mlio wa pikipiki au ngoma humfanya azibe masikio na kupiga kelele, lakini akianguka na kuchubuka goti hana habari.

Hawafanani wote. Ndiyo maana wataalamu siku hizi husema kwamba usonji una upana mkubwa: yuko anayehitaji msaada mdogo, na yuko atakayehitaji kutunzwa maisha yake yote.

Huenda mtu akafikiri kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Ni kweli kwamba wa kwanza kuyaeleza kwa kirefu walikuwa Leo Kanner, daktari aliyefanya kazi Marekani na kuandika juu ya watoto 11 mwaka 1943, na Hans Asperger wa Vienna mwaka 1944. Lakini mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alitoa habari za uchunguzi wake katika vituo vya watoto wenye ulemavu wa akili katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya na Zambia zikiwemo, na humo aliwakuta watoto wenye usonji. Hapa Tanzania uchunguzi wa watoto wenye hali hiyo ulichapishwa mwaka 2006, na nitaurudia baadaye.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 alikuwa na usonji. Ikiwa hesabu hiyo inalingana na hapa kwetu, shule ya msingi yenye watoto 800 ingekuwa na wapatao sita. Je, wako wapi? Wengine wako darasani, wanachapwa kwa sababu mwalimu anadhani ni wakaidi. Wengine hawakuandikishwa shule. Wako uani, nyuma ya nyumba, na mgeni akija huingizwa ndani.

SAFARI YA YULE MAMA

Narudi kwa yule mama. Aliponisikia nikisema "subiri", alisubiri mwaka mzima. Mtoto hakusema. Bibi mzaa baba akasema ulimi wake umefungwa, akapelekwa kukatwa udata. Hakusema. Wakasema basi ni kimeo, akakatwa kimeo, akatoka damu siku mbili. Hakusema. Ndugu wasomaji, udata na kimeo havina uhusiano wowote na usonji, na kukatwa kwa wembe wa kienyeji kunaweza kuleta pepopunda, UKIMWI, au kuua kwa kutoka damu.

Baada ya hapo wazee wa ukoo walikaa wakauliza ni mila gani iliyorukwa mtoto alipozaliwa. Fikra hii ina mizizi mirefu kwetu. Mtafiti Monica Wilson, aliyeishi Unyakyusa katika miaka ya 1930, alichapisha mwaka 1957 kitabu juu ya mila za ukoo za Wanyakyusa, akaeleza jinsi watu walivyoogopa kwamba kuziacha mila za uzazi au za msiba kutaleta maradhi na wazimu. Mila zikafanywa, ng'ombe akachinjwa. Mtoto hakusema. Ndipo maneno yakaanza: "Katika ukoo wetu hatuna watoto wa namna hii." Maana yake, tatizo ni mama. Mume akahamia kwa mke mwingine.

Mwaka 2010 alikuja tena kliniki, safari hii na mtoto mchanga mgongoni. Yule wa kwanza, sasa wa miaka sita, alikuwa amefungwa mkono kwa kipande cha kitenge, na ncha nyingine imefungwa kiunoni mwa mama. Nikamwuliza kwa ukali kidogo kwa nini anamfunga mtoto kama mbuzi. Akajibu kwa utulivu, "Anapenda maji, nesi. Mwaka jana wavuvi walimtoa Mto Mbaka."

Wakati ule nilikuwa nimehudhuria semina juu ya ulemavu wa watoto. Nilimwangalia yule mtoto akizungusha kifuniko cha chupa kwenye sakafu, nikamwita jina lake mara tatu, hakugeuka. Nikakumbuka sura ya mama na neno langu. Nilimwomba msamaha pale pale mbele ya wenzake. Kisha tukaanza kazi ambayo ingepaswa kuanza miaka minne nyuma.

UCHUNGUZI UNAVYOFANYIKA

Wazazi wengi hutegemea kwamba daktari atapima damu au atapiga picha ya kichwa na jibu litatoka. Hakuna kipimo cha damu wala picha inayoonyesha usonji. Uchunguzi hufanywa kwa njia mbili: kumsikiliza mzazi na kumtazama mtoto. Daktari huuliza habari za mimba, uzazi, homa na degedege, siku mtoto alipokaa, alipotembea, aliposema neno la kwanza, na kama kuna maneno aliyoyapoteza. Halafu humtazama anavyocheza, anavyoomba kitu, anavyojibu akiitwa. Kazi hii haitaki haraka.

Kabla ya kufika hapo lazima masikio yapimwe, maana mtoto kiziwi naye haitiki. Lakini mzazi aangalie jambo hili: mtoto wa mama yule alikuwa haitiki jina lake, ila akisikia karatasi ya biskuti ikifunguliwa chumba cha pili alikuja mbio. Huyo masikio anayo.

Yapo pia maswali yaliyoandaliwa kusaidia uchunguzi wa mwanzo. Moja ya orodha hizo huitwa M-CHAT, ina maswali 20 ya ndiyo na hapana, na mzazi huyajibu kwa mtoto wa miezi 16 hadi 30. Majirani zetu wa Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, wana kipimo chao cha ukuaji wa watoto kilichotolewa mwaka 2010, kinachotumia vitu na michezo ambayo mtoto wa kijijini anaijua. Hilo ni jambo la busara, maana mtoto ambaye hajawahi kuona midoli ya dukani hawezi kupimwa kwa midoli hiyo. Maswali haya hayatoi jina la hali ya mtoto. Yanatuambia nani apelekwe mbele.

Na mbele ni mbali. Kutoka Kyela hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni zaidi ya kilomita 100, kupitia Tukuyu na Uyole. Kutoka Mbeya hadi Muhimbili, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 800. Nauli ni ya watu wawili, kuna chakula, kuna mahali pa kulala, na kuna mtoto anayepiga kelele ndani ya basi huku abiria wanamwambia mama amtulize mwanae. Yule mama aliuza debe tatu za mpunga na kuku wake wote.

Aliporudi alikuja moja kwa moja kwangu. Akasema, "Nesi, nimelia ndani ya basi kutoka Uyole mpaka Tukuyu. Halafu nikanyamaza. Daktari amesema si mimi niliyemfanya hivi." Akakunjua karatasi. Jina la hali lilikuwa limeandikwa pale. Kisha akaniuliza swali ambalo kila mzazi huuliza: "Sasa dawa iko wapi?"

Ilinibidi nimwambie ukweli kwamba dawa ya kuondoa usonji haipo. Anayekuuzia dawa hiyo, awe wa miti shamba au wa chupa kutoka ng'ambo, anakudanganya. Lakini msaada upo, na nitaueleza.

WAZAZI WENGINE WALIVYOPOKEA

Si kila mzazi hupokea jina hilo kwa namna moja. Baba mmoja, mwalimu, aliambiwa na daktari kwamba binti yake mdogo ana usonji. Alikunja karatasi akaiweka chini ya sanduku la nguo, hakumwambia mtu, hata mkewe, kwa miaka miwili. Aliniambia baadaye, "Niliona nikilitamka litakuwa kweli." Katika miaka hiyo miwili mtoto alichapwa na mama yake kwa ajili ya kukojoa kitandani na kukataa chakula, na mama huyo hakujua alichokuwa anakiadhibu. Siku alipoambiwa hakumlaumu mumewe. Alikwenda akamkumbatia mtoto, na mtoto akamsukuma, maana hapendi kukumbatiwa. Hata hilo ilibidi alijifunze. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua.

Mwingine ni msichana aliyejulikana tangu akiwa na miaka 12. Kwa miaka yote watu walimsifu kwa utulivu wake. Alijua kwa kichwa sikukuu za watakatifu kwa tarehe zake, na nyimbo za Misa alizijua kuliko wanakwaya. Hakuna aliyejiuliza kwa nini hana rafiki hata mmoja. Alipoanza kukua, kelele za shule zikamshinda. Akawa anajifungia chooni na kujing'ata mikono. Watu walisema ana mapepo, akaombewa usiku kucha na kelele zikazidi kumwumiza. Usonji hujulikana zaidi kwa wavulana, lakini wasichana nao wanao, na mara nyingi hujificha nyuma ya sifa ya "mtoto mtulivu". Alipoelezwa na daktari alisema neno moja tu: "Kumbe." Siku hizi hukaa Misa ya kwanza, ile isiyo na vinanda vingi, karibu na mlango.

NANI ALITENDA DHAMBI?

Katika Injili ya Yohane sura ya tisa, wanafunzi walipomwona mtu kipofu tangu kuzaliwa walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu aliyakataa yote mawili. Swali lile bado linaulizwa katika vijiji vyetu, na nataka nilijibu kwa upande wa afya.

Msidhani kwamba ni sisi tu tunaolaumu akina mama. Huko Marekani, katikati ya karne iliyopita, wataalamu wengi walisema usonji unaletwa na mama asiye na upendo kwa mtoto wake. Bruno Bettelheim wa Chicago aliandika kitabu kikubwa mwaka 1967 chenye fikra hiyo, na akina mama wengi waliumizwa. Aliyewasaidia ni Bernard Rimland, mtaalamu wa saikolojia ambaye mwanae mwenyewe alikuwa na usonji. Yeye tangu mwaka 1964 alikuwa ameandika kwamba chanzo kiko katika mwili na ubongo, si katika upendo wa mama. Uchunguzi wa miaka iliyofuata ulimthibitisha. Sehemu kubwa ya chanzo ni urithi, yaani chembe tunazozaliwa nazo kutoka kwa baba na kwa mama pia.

Je, malaria inaweza kuleta usonji? Wazazi wa Kyela huniuliza sana, maana wengi husema, "Alikuwa mzima mpaka alipougua degedege." Ule uchunguzi wa Tanzania wa mwaka 2006 uliangalia watoto 20, na 14 kati yao walithibitishwa kuwa na usonji. Watatu walikuwa wamekua vizuri kabisa hadi walipougua malaria kali yenye homa ya muda mrefu na degedege. Walipopona, usonji ukaonekana. Kwa wengine wanne ugonjwa mkali ulikuwa karibu na mwanzo wa hali hiyo, lakini huenda walikuwa na dalili hata kabla ya kuugua. Saba hawakuwa na uhusiano wowote na malaria. Kwa hiyo malaria si chanzo cha usonji kwa watoto wengi, lakini malaria iliyopanda kichwani inaweza kuumiza ubongo. Hii ni sababu nyingine ya kumlaza mtoto ndani ya chandarua na kumwahisha hospitali siku ile ile ya homa.

Na chanjo? Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield wa Uingereza na wenzake walichapisha makala iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella na usonji. Makala hiyo ilifutwa na gazeti lililoichapisha mwaka 2010 baada ya kuonekana kwamba haikuwa ya kweli, na uchunguzi wa watoto wengi sana katika nchi mbalimbali haukuona uhusiano wowote. Chanjo ya surua na rubella hutolewa kwetu katika umri wa miezi 9 na miezi 18, na huo wa pili ndio umri ambao dalili za usonji huanza kuonekana. Mambo mawili yakitokea karibu karibu, moja si lazima liwe mzazi wa jingine. Msiache chanjo. Surua inaua.

MZAZI AFANYE NINI?

(a) Usisubiri. Mpeleke mtoto kwenye zahanati au kituo cha afya ikiwa ametimiza mwaka mmoja na hajaanza kubwabwaja wala kupunga mkono; ikiwa ana miezi 16 na hasemi neno lolote; ikiwa ana miaka miwili na haunganishi maneno mawili; au ikiwa, katika umri wowote, amepoteza maneno aliyokuwa nayo. Ukiambiwa usubiri, uliza kwa heshima, "Nisubiri mpaka tarehe gani, na nirudi kwa nani?" Omba iandikwe kwenye kadi.

(b) Andaa habari zako. Chukua kadi ya kliniki. Katika daftari, wewe au mtoto wako mkubwa andikeni anachofanya, asichofanya, na lini kilianza. Omba barua ya rufaa. Masikio yapimwe kwanza.

(c) Angalia kifafa. Watoto wengi wenye usonji wana kifafa pia. Mtoto akikodoa macho na kutoitika kwa dakika moja au mbili, au akianguka na kukakamaa, mwambie daktari. Kifafa kina dawa, na dawa isikatizwe ghafula.

(d) Anza kumsaidia leo, hata kabla jina halijapatikana. Kaa chini, uso wako uwe sawa na uso wake. Sema maneno machache na mafupi: "Njoo. Kula. Maji." Mwonyeshe kitu unapokitaja. Akikuvuta mkono kutaka kitu, usimpe mara moja. Ngoja kidogo, kitaje, umtazame, ndipo umpe. Cheza naye anachokipenda, hata kama ni kuzungusha mfuniko. Fanya mambo ya siku kwa mpangilio ule ule, na kukiwa na badiliko mwambie mapema. Msifu kwa kila hatua. Usimpige, maana hajui kosa lake ni nini. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo kwa walezi wa watoto wa namna hii, na msingi wake ndio huu: mzazi na watu wa nyumbani ndio walimu wa kwanza, hata mahali pasipo na wataalamu.

(e) Mlinde na maji. Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu ya mahali tunapoishi. Watoto wenye usonji hutoroka nyumbani, wengi huvutwa na maji, na kuzama ni mojawapo ya vifo vinavyowachukua zaidi. Sisi tuna ziwa, na tuna Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na masika mashamba ya mpunga hugeuka bwawa. Zungushia ua, weka komeo la juu mlangoni, funika kisima. Waambie majirani na wavuvi wote wa pwani yenu wamjue mtoto kwa sura. Akipotea, tafuta majini kwanza, nyumbani kwa watu baadaye. Akiweza kufundishwa kuogelea, afundishwe.

(f) Dai haki ya shule. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya elimu. Nenda kwa mwalimu mkuu, kisha kwa afisa elimu maalum wa wilaya na afisa ustawi wa jamii. Dar es Salaam, Shule ya Msingi Msimbazi Mseto imekuwa na kitengo cha watoto wenye usonji kwa muda mrefu, na Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, hufundisha walimu wa elimu maalum. Yaani jambo hili linawezekana ndani ya nchi yetu. Vijijini tuanze na darasa lililopo na mwalimu mwenye moyo.

(g) Usijitenge. Mwezi Novemba 2014 Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alikutana Vatikano na watu wenye usonji pamoja na familia zao, akahimiza upweke na aibu inayowazunguka vivunjwe. Mzuzu, kusini ya Karonga, Mabruda wa Mtakatifu Yohane wa Mungu wana huduma ya afya ya akili, na watoto wenye ulemavu wamo katika huduma yao. Kwetu sisi mahali pa kuanzia ni jumuiya ndogo ndogo. Mtoto akipiga kelele wakati wa sala, msimwangalie mama kwa macho makali. Jirani mmoja ajitolee kukaa na mtoto saa moja kwa juma, ili mama aende sokoni au alale. Na mzazi azungumze na paroko na katekista mapema juu ya Komunyo ya Kwanza, asifikiri mwenyewe kwamba mwanae hastahili.

KWA WAUGUZI WENZANGU

Ninajua foleni ya kliniki. Ninajua kwamba mtoto asiyesema hafi leo, na mwenye homa anaweza kufa kabla ya jioni. Hata hivyo dakika mbili zinatosha kumwita mtoto jina lake, kumwonyesha kitu kwa kidole na kuona kama anafuata, na kumsikiliza mama. Mama anayesema "mwanangu si kama wenzake" amekaa naye usiku na mchana, wewe umekaa naye dakika mbili. Ni kweli wapo watoto wanaochelewa kusema kisha wakasema vizuri tu. Kama una shaka, mpe tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu, iandike, na umwulize akirudi. Tukimpeleka mbele mtoto asiye na usonji, hasara ni nauli. Tukimrudisha nyumbani mwenye nao, hasara niliiona mimi kwa macho yangu, imefungwa kwa kipande cha kitenge.

Yule mtoto sasa ni kijana. Anasema maneno yasiyozidi thelathini. Hawezi kwenda sokoni peke yake, na mama yake huwaza usiku nani atamtunza yeye akishakufa. Swali hilo ni la sisi sote wa parokia, si lake peke yake. Lakini msimu wa kokoa kijana ndiye anayechambua punje kwenye mkeka, nzuri huku na mbovu huku, na hakuna anayemshinda.

Mwezi uliopita nilipita kwao. Nikamwita jina lake, hakugeuka. Mama akaniambia, "Kaa kwanza, nesi." Nikakaa kwenye kigoda. Baada ya muda mrefu kijana aliinuka, akaja kwa upande bila kunitazama, akaniwekea punje moja ya kokoa mkononi, akarudi kwenye mkeka wake.